Mei Mosi: sikukuu ya wafanyakazi au ya wenye fulana?

Wakuu, naleta hoja, nishambulieni kwa adabu.

Mei Mosi ya 2025 nilikuwa kwenye maandamano ya mkoa wetu, fulana na kofia, nyuma ya bango la idara. Kitaifa ilikuwa Singida. Rais Samia alipotangaza kima cha chini serikalini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Sioni aibu, tuliisubiri sana.

Nikafika nyumbani saa tisa. Dada wa kazi yuko uani na mabeseni mawili, moja lina sare nyeupe za watoto, lingine tupu. Akaomba fulana ailoweke peke yake: "Hizi za maandamano zinachuja rangi." Kumbe anazijua, amefua ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Nikamuuliza kama anajua leo ni sikukuu gani. "Ile mnayochelewa kurudi."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Na waliogoma Chicago mwaka 1886, tunaowaadhimisha, walidai saa nane za kazi. Huyu wangu anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala sisi tukishalala. Hoja yangu: asiyempa dada wake mapumziko au malipo hayo asiende kuandamana. Nakosea wapi?

Mchangiaji: Mkuu, acha kutuvurugia nyumba. Anakula kwangu, analala kwangu, akiugua natibu mimi. Hii ni familia, si kiwanda. Halafu ukimpa siku nzima aende wapi? Hana ndugu hapa mjini.

Mchangiaji mwingine: Nimekuwa dada wa kazi miaka minne. Hilo la "wewe ni wa familia" nilikuwa naambiwa mwisho wa mwezi tu, mshahara ukichelewa. Aende wapi? Mimi ningelala.

Mchangiaji wa bodaboda: Sisi wengine sikukuu ndiyo mavuno, msituletee mapumziko ya lazima. Leo nimebeba wenye kofia zenu toka asubuhi, na wanaomba kupunguziwa nauli!

Mleta mada: Kaka wa boda, nimekuelewa. Wewe unaamua mwenyewe uwashe pikipiki au uiache. Dada haamui, ndiyo tofauti.

Kwa mkuu wa "familia": chakula na kitanda vilishahesabiwa. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka 60,000 kwa mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri, chini kuliko asiyelala, na ndicho ninacholipa, sijifichi. Gawa kwa siku 26 za kazi za mwezi, unapata kama 2,300. Mara mbili yake ni 4,600. Tunabishana kuhusu 4,600, wakuu, na mimi nimetoka kushangilia nyongeza ya 130,000.

Mchangiaji wa kwanza: Maneno mengi. Wewe umelipa?

Mleta mada: Jana usiku nimempa 5,000. Akaipokea, akafuta mikono kwenye kanga, akaniuliza: "Ninunue nini?"