Mjadala: Sura ya programu huria ikibadilishwa, neno la mwisho liwe la nani?

Mwanzisha mada, Moshi

Wadau, salaam. Mradi wa programu huria, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadili, unapotaka kubadili sura ya programu yake, yaani mpangilio wa menyu na vitufe, na watumiaji wakakataa, neno la mwisho liwe la nani? La wanaoandika kodi (maagizo ya programu, si kodi ya serikali), au la sisi tunaoitumia kutafutia riziki?

Nauliza kama mtu wa steshenari. Kompyuta zetu zote zina programu huria, na vijana wanaochapa barua na kusafisha picha za pasipoti hawasomi menyu, mkono wenyewe unajua kitufe kilipo. Kitufe kikihama, foleni inasimama. Mteja mwenye barua ya maombi ya kazi, anayewahi basi la Dar, hana muda wa kuelezwa kwamba mpangilio mpya ni bora.

Chukueni GIMP, programu ya kuhariri picha, toleo la 2.8 la mwaka 2012. Zamani ukihifadhi picha unaandika jina lenye .jpg mwishoni, kazi imekwisha. Toleo hilo likaamua kwamba kuhifadhi ni kwa faili la XCF tu, la GIMP yenyewe, na anayetaka JPEG au PNG apitie amri nyingine. Sababu ilikuwa ya maana: JPEG haitunzi matabaka ya picha, na mtu angeweza kupoteza kazi yake akidhani ameihifadhi. Malalamiko yalikuwa mengi, watunzaji wa mradi wakashikilia uamuzi wao.

Sidai tupige kura juu ya kila kitufe. Ninachodai ni kwamba njia ya zamani isifungwe siku ileile mpya inapofunguliwa.

Mwandishi wa programu, Arusha

Mkuu, nakuelewa, ila kuacha njia mbili wazi kuna gharama, na wewe siye unayeilipa. Kila njia ina kodi ya programu yake, na kodi hiyo lazima ijaribiwe kila toleo linapotoka. Ninachangia mradi mmoja mdogo usiku, baada ya kazi, bila senti. Ukinitaka nitunze sura mbili, muda wa kurekebisha hitilafu nitautoa wapi?

Mwaka 2010 Ubuntu, mfumo endeshi huria wa kompyuta, ilihamishia vitufe vya dirisha upande wa kushoto, watu wakawaka. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, akawajibu waziwazi kwamba maoni mazuri na takwimu vinakaribishwa, lakini usanifu haupigiwi kura. Mimi nasimama naye. Anayelalamika ndiye anayesikika, na aliyeridhika anaendelea na kazi zake kimya. Ukihesabu kelele hujahesabu watumiaji.

Mwanzisha mada, Moshi

Na vitufe hivyo vilirudi kulia mwaka 2017, katika toleo la 17.10, Ubuntu ilipoachana na sura yake iitwayo Unity na kurudia ile ya mradi wa GNOME. Miaka saba, mkuu.

Mwalimu wa kompyuta, Njiro

Ndugu zangu, naomba niongeze historia kidogo, maana programu huria ina jibu lake la asili: usiporidhika, chukua kodi uendelee nayo mwenyewe. GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011, bila upau wa chini uliozoeleka na bila kitufe cha kushusha dirisha, kuna waliochukua GNOME 2 wakaiendeleza kwa jina la MATE. Watu wa Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, nao wakatengeneza Cinnamon. Zote mbili ziko hai mpaka leo, na maabara yetu ya zamani inatumia MATE kwa sababu mashine ni dhaifu.

Lakini jibu hilo ni la mwenye uwezo wa kuandika kodi. Mwalimu wa sekondari hawezi kuchukua LibreOffice nzima, programu huria ya kuchapa barua na majedwali, akaitunza. Kwa hiyo napima mradi kwa namna unavyomtendea asiyeweza kuondoka.

Hapo nawasifu LibreOffice. Mwaka 2017, toleo la 5.3, waliweka upau wenye vichupo kama jaribio, na asiyeuwasha hakuuona. Uliiva katika 6.2 ya mwaka 2019, na hata hapo upau wa kawaida ukabaki kuwa ndio unaokuja na programu. Darasani kwangu waliozoea Microsoft Office wanawasha vichupo, wengine hawagusi, na somo linaendelea. Blender, programu ya michoro ya 3D, nao walipohamishia uchaguzi wa vitu kwenye kitufe cha kushoto cha kipanya, toleo la 2.80, walikuuliza ulipoifungua mara ya kwanza: kushoto au kulia? Swali moja tu lilitosha!

Mfasiri wa kujitolea, Arusha

Kaka zangu, mnazungumzia vitufe, na maneno yaliyoandikwa juu yake je? Katika miradi mingi tafsiri hukaa kwenye faili la PO, lenye kila sentensi ya Kiingereza na tafsiri yake. Mwandishi wa kodi akibadili sentensi moja ya Kiingereza, hata neno moja, tafsiri yake ya Kiswahili huwekewa alama ya shaka na kwa kawaida haionyeshwi tena. Mtumiaji anakutana na Kiingereza mpaka mmoja wetu aipitie upya. Sura nzima ikipangwa upya, kazi ya miezi inaondoka kwa pigo moja, na hakuna aliyetuuliza.

GNOME wana utaratibu wa kufunga mabadiliko ya sura na ya maneno kabla ya toleo kutoka, ili wafasiri wapate nafasi. Ni utaratibu mzuri, ila wiki chache zinamtosha Mjerumani mwenye kundi kubwa. Lugha yenye wafasiri wawili hazitoshi kabisa. Kwangu hili ni zito kuliko kitufe kukaa kushoto au kulia.

Mwandishi wa programu, Arusha

Dada, hilo nalikubali bila ubishi. Tena muda ndiyo hoja yangu. Semeni wakati wa toleo la majaribio, msingoje programu ifike dukani.

Angalieni Wikipedia. Agosti 2014 Wikimedia Foundation, taasisi inayoiendesha, ilitumia kufuli maalumu kuwazuia wasimamizi wa Wikipedia ya Kijerumani wasizime kitazamio kipya cha picha. Uhusiano ukaharibika, na kufuli likaondolewa Novemba 2015. Sura mpya iliyofika Wikipedia ya Kiingereza Januari 2023 ilipita njia tofauti: ilianzia kwenye Wikipedia za lugha nyingine, ikajadiliwa na jumuiya, na mwenye akaunti aliachiwa chaguo la kurudi kwenye ya zamani. Upana mdogo wa maandishi ulilalamikiwa sana, lakini kulikuwa na kitufe cha kuupanua. Nipo tayari kutunza njia ya zamani kwa matoleo mawili. Zaidi ya hapo hapana.

Mwanzisha mada, Moshi

Matoleo mawili kwa mradi unaotoa toleo kila miezi sita ni mwaka mmoja. Sisi tunatumia Ubuntu ya LTS, yaani toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, inayotoka kila miaka miwili, na tunaruka kutoka moja hadi nyingine. Onyo lako litatoka na kuisha katikati ya mruko huo. Siku tunayosasisha, sura ya zamani imeshafutwa, na hatujawahi kuliona tangazo. Hesabuni kwa LTS: njia ya zamani iwepo angalau katika LTS moja, ikiwa na onyo ndani ya programu yenyewe.

Mwandishi wa programu, Arusha

Hesabu hiyo ina mantiki. Lakini bado sijajibiwa: nani ataijaribu sura ya zamani kwa miaka miwili?

Mwanzisha mada, Moshi

Natenga kompyuta moja kwa matoleo ya majaribio. Kijana wangu atachapa na kusafisha picha humo kila Jumamosi jioni wateja wakipungua, na hitilafu tutaziandika kwa Kiswahili.

Mfasiri wa kujitolea, Arusha

Nileteeni, nitazigeuza Kiingereza na kuziwasilisha kwa mradi. Mwalimu, maabara yako inaweza kutoa mashine ngapi?