Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule, halmashauri inataka ufaulu upande. Nianzie wapi?

MkulimaMtama:

Wakuu, habari za jioni.

Niko Mtama, mkoa wa Lindi, vijiji vya ndani mbali na lami. Wazazi wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji chetu. Elimu yangu kidato cha nne, kazi yangu ufuta, mbaazi na mikorosho kidogo ya urithi. Nilidhani kazi yenyewe ni kusimamia ujenzi wa vyoo na kugombana na wazazi juu ya uji.

Juzi mwalimu mkuu akanipeleka kwenye kikao cha tathmini cha kata. Yakasomwa matokeo ya darasa la saba shule kwa shule, sisi wa mwisho. Yakafuata maagizo: kambi ya darasa la saba ianze Mei, mtihani wa majaribio kila mwezi, wazazi wachangie mahindi na maharage, na walimu wakuu wasaini kwamba ufaulu utapanda, la sivyo waachie ngazi. Mwalimu mkuu wetu alirudi njia nzima nyuma ya bodaboda bila kusema neno.

Sasa nauliza wenye uzoefu. Kambi inasaidia kweli au ni kelele? Fedha za ruzuku nasikia zipo, je, mwenyekiti anaruhusiwa kuziulizia? Na ni kitu gani wilaya ikifanya watoto wanafaulu kweli, siyo kwenye makaratasi? Siasa naomba tuiweke pembeni.

KilwaKivinje77:

Hongera mwenyekiti. Jibu fupi: walimu. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nyie mko wangapi?

MkulimaMtama:

Wanafunzi mia nne na kitu, walimu watano. Mmoja yuko likizo ya uzazi.

KilwaKivinje77:

Basi hapo hata ukiweka kambi ya mwaka mzima. Nimemaliza.

MratibuMstaafu:

Mwenyekiti, hongera na pole. Nilikuwa mwalimu, kisha mratibu elimu kata (siku hizi wanaitwa maafisa elimu kata) hukuhuku kusini, kwanza upande wa Newala halafu Lindi, mpaka nikastaafu. Ndugu wa Kilwa kasema kweli lakini kamaliza mapema mno. Walimu hutawaleta wewe. Kuna yaliyo mikononi mwako.

Kambi inamsaidia mtoto anayejua kusoma. Huyo ukimweka shuleni jioni, kuna taa, kuna ugali, hachoti maji, hafukuzi ngedere shambani, atapanda tu. Asiyejua kusoma atakaa kambini miezi minne akinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa, na Septemba ataingia kwenye chumba cha mtihani kusiliba herufi kwa kubahatisha. Kwa hiyo kabla hujachangisha hata debe moja la mahindi, jua wa aina hiyo wako wangapi. Karatasi ya halmashauri haitakuambia. Ina asilimia tu.

Namna ya kujua ni hii. Nilipokuwa nakagua, andalio la somo nilikuwa naliomba mwisho. Naingia darasa la nne na kitabu cha kusoma cha darasa la pili, namwita mtoto pembeni, nafunika picha kwa kiganja, namwambia soma. Funika picha, mwenyekiti. Watoto wetu wana vichwa vizuri, ukurasa wenye picha ya jogoo wameshaukariri, watakusomea huku wanatazama dirishani. Ukifunika picha na kuanzia mstari wa katikati ndipo utajua nani anasoma na nani anaimba.

Hili siyo jipya. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa ukabaki kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo KKK mnayoisikia. Lindi tulikuwa pia na mradi wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 kwa fedha za Uingereza. Walimu wa madarasa ya chini walifundishwa hukohuko shuleni badala ya kuitwa mjini kula posho, na sisi waratibu tukapata pikipiki. Watu huzicheka pikipiki zile. Mimi nasema zilifanya kazi kuliko semina, kwa sababu mratibu asiye na usafiri anakagua shule za barabarani, na shule kama yako anaionea kwenye taarifa aliyoletewa. Sasa jiulize, afisa elimu kata wenu mara ya mwisho kuingia darasani, siyo ofisini kwa mwalimu mkuu, ilikuwa lini?

Jambo la pili, uliza nani anafundisha darasa la kwanza. Karibu shule zote nilizopitia, mwalimu hodari hupewa darasa la saba kwa sababu ndilo linalotazamwa, na darasa la kwanza anapewa aliye mgonjwa, anayesubiri kustaafu, au kijana wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne juzi. Kamati haipangi walimu, ila kamati inaweza kuuliza kwenye kikao, na jibu likaandikwa kwenye muhtasari. Muhtasari unaogopwa kuliko unavyodhani.

La tatu ni msimu, na hili watu wa Dodoma hawalielewi. Mtihani wa taifa wa darasa la nne huangukia mwishoni mwa Oktoba. Huku kwetu Oktoba korosho ziko chini ya mikorosho, zinaanguka usiku, na asiyewahi alfajiri anaokotewa na wengine. Mtoto anafika shuleni saa nne, miguu imejaa umande, mfukoni ana hela ya kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa kichochoro. Viboko havikutuletea mtoto hata mmoja. Kata moja tulikaa na serikali ya kijiji, kijiji kikakataza mtu yeyote kununua korosho kwa mtoto, na mtendaji akalisimamia kweli, maana alikuwa na mtoto darasa lilelile. Mwenye duka wa kwanza kukamatwa alilipa faini, na wiki ile foleni ya asubuhi ilijaa. Ukiwa mwenyekiti, mtendaji wa kijiji ndiye mtu wako kuliko afisa elimu.

Jando na unyago nitapita haraka. Viwe ndani ya likizo, na wali, yaani watoto wanaochezwa, watoke kabla shule haijafunguliwa. Ongea ana kwa ana na manyakanga, mkuu wa shughuli hizo, usimpelekee barua.

Kuhusu wazazi, nikupe niliyoyaona Tandahimba. Mwalimu mkuu mmoja, mama mtaratibu sana, aliita kikao akawaambia waje na stakabadhi zao za AMCOS, chama cha ushirika wanakouzia korosho, za msimu uliopita. Wakaja nazo, wakidhani kuna malipo ya pili. Akawaita watoto wao wa darasa la tano, kila mmoja asome karatasi ya mzazi wake. Wa kwanza alilisoma jina la baba, kwa sababu analijua, akakwama kwenye daraja la korosho. Wa pili aliona kilo 187 akasema “kumi na nane, saba”. Mzee mmoja akainuka, akamwangalia mwanawe, akasema: “Kumbe mimi naibiwa kwenye mizani na msomaji ninaye nyumbani?” Tangu pale yule mama hakumbembeleza mtu habari za mahudhurio.

Fedha: unaruhusiwa, tena ni kazi yako. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo 6,000 zinakuja akaunti ya shule na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Watoto 400 mnapata kama milioni mbili na laki nne kwa mwaka, yaani laki mbili kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi, kitasa kilichovunjika, mpira. Sasa mtihani wa majaribio kila mwezi, uchapwe mjini, uletwe kwa bodaboda: umeona ilipo hela? Mapato na matumizi yabandikwe ubao wa matangazo, na wewe uwe wa kwanza kuyasoma.

Na kule kusaini kwamba ufaulu utapanda. Mwaka mmoja wilaya niliyokuwepo iliipa shule ya mwisho kinyago mbele ya umati. Nchi ya Wamakonde, kinyago kinasafirishwa mpaka ng'ambo kwa bei, sisi tukakigeuza adhabu! Mwaka uliofuata shule ile ilipanda. Nikaenda kuangalia daftari la uandikishaji. Asilimia ilipanda kwa sababu wale wazito hawakufika chumba cha mtihani, walikuwa wameshapunguzwa njiani mmoja mmoja: huyu kahamia bondeni Ruvuma na wazazi wakalime mpunga, yule “mtoro sugu”. Kwa hiyo ukisomewa asilimia, omba namba mbili: walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba iliyopita, na waliofanya mtihani. Pengo ndilo matokeo yenu.

MwlNachingwea:

Shikamoo mzee. Nakubaliana na mengi ila la stakabadhi hapana. Mtoto wa darasa la tano asiyejua kusoma hakujifanya hivyo mwenyewe, kwa nini aaibishwe mbele ya kijiji kizima? Mimi ninao wawili darasani walioacha shule wakarudi, na aibu ndiyo iliyowatoa.

Nafundisha darasa la kwanza, kwa kupenda, sikupewa kwa ugonjwa. 😀 Mimi natokea Kanda ya Ziwa. Nilipofika, nusu ya watoto walikuwa wanaongea Kimwera tupu, nawaambia “kaeni” wananitazama. Aliyeniokoa ni mama muuza vitumbua wa getini, nilikuwa namuuliza neno kila asubuhi kabla ya kengele. Watoto waliopita darasa la awali wanakuja na Kiswahili cha kutosha, waliotoka moja kwa moja nyumbani wanahitaji muhula mzima wa kuongea kabla ya herufi. Mwenyekiti, ukitaka kusaidia KKK angalia kama darasa lenu la awali lina mwalimu au ni jina tu kwenye orodha.

Na watoto wakiwa zaidi ya mia chumba kimoja, hakuna mbinu. Kamati yetu ilifanya kitu rahisi: ilikubaliana na wazazi kumlipa binti wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne posho ndogo, akae na nusu ya watoto chini ya mwembe wakati mimi nafundisha nusu nyingine, kisha tunabadilishana. Tuna kadi za herufi za maboksi na vizibo vya soda vya kuhesabia. Kila Ijumaa mimi na yeye tunakaa, namwonyesha ya wiki ijayo. Hii ndiyo MEWAKA yetu, mafunzo kazini bila ukumbi.

MratibuMstaafu:

Marahaba mwanangu. Lako la aibu nimelisikia. Yule mama alichagua wazazi kwanza, watoto baadaye. Pangeweza kuwa na njia ya upole zaidi. Hilo la binti chini ya mwembe mwenyekiti aliige kama lilivyo.

Mikindani_Boy:

Mnamdanganya jamaa. NECTA wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023, lakini wilaya bado zinapanga shule kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, na mkuu wa shule anahukumiwa kwa orodha hiyo. Akipeleka mwalimu mzuri darasa la kwanza, matunda yataonekana yeye ameshahamishwa. Nani atakubali?

MkulimaMtama:

Mikindani_Boy hapo ndipo nilipokwama. Jana nimekaa na mwalimu mkuu nikamweleza, akaniambia maneno hayohayo, kwamba yeye ana mpaka Septemba. Tumefika hapa: kambi tunaifanya, fupi, ya wanaojua kusoma, wakilala nyumbani kwa sababu mabweni hatuna. Mitihani ya majaribio ataandika ubaoni miezi mingine badala ya kuchapa. Wasiojua kusoma kuanzia darasa la tatu mpaka la saba watakuwa na saa moja yao kila siku kabla ya vipindi, bila kujali darasa. Uji wazazi wamekubali, tena nimewasomea Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 kwamba chakula ni jukumu la mzazi ila mtoto hafukuzwi kwa kukosa mchango.

Mzee, swali moja: nani awapime? Mwalimu wa darasa anasema atawapima mwenyewe.

MratibuMstaafu:

Asijipime mwenyewe. Ombeni walimu wawili wa shule jirani waje asubuhi moja, na wenu waende kwao wiki inayofuata. Mkae nje, mtoto mmoja mmoja, majina yaandikwe kwenye daftari moja linalobaki kwa mwalimu wa taaluma, siyo kubandikwa ukutani (Mwl wa Nachingwea atanishukuru).

Na usianze na darasa la saba. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa mtaala mpya wa miaka sita, watamaliza 2027 pamoja na waliowatangulia mwaka mmoja, ambao ni wa miaka saba. Mtakuwa na madarasa mawili ya mtihani kwa walimu walewale watano, na mahindi ya kambi mbili sidhani kijiji kinayo. Wapime hao kwanza, mwezi huu, kabla ufuta haujakomaa.