Saiti mira ya baiskeli inatetemeka: tatizo ni kioo au ufungaji?

Spoku28: Wakuu, naomba msaada. Baiskeli ni Phoenix ya breki za vyuma, ina saiti mira ya pikipiki upande wa kulia. Kwenye lami ina nafuu, lakini ikiingia barabara ya vumbi sioni kitu, picha yote ukungu. Halafu kila baada ya siku mbili inalegea na kugeuka. Ile ya kuchomeka mwisho wa usukani itatulia? Na kwenye kukata kona, inatosha yenyewe?

Mnyororo: Upande umepatia. Kwetu tunaendesha kushoto, anayekupita anatokea kulia.

Kinachotetemesha ni urefu wa mkono. Kioo cha pikipiki ni kizito, na mtikisiko mdogo kwenye usukani unakuwa mkubwa kule mwisho wa mkono. Tafuta chepesi, mkono usizidi sentimita 10.

Kulegea ni kwa sababu klempu (kibanio kinachoshika kioo) inateleza juu ya kromu ya usukani. Futa bomba la usukani hadi liishe mafuta, kata kipande cha tyubu kuukuu upana sawa na klempu, zungusha mara moja tu, ncha zisipandane (zikipandana klempu inabana upande mmoja). Weka washa ya springi (kipete cha kuzuia skrubu isilegee), kaza skrubu kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo.

Ya kuchomeka inatulia kweli. Kata mwisho wa gripu (mpira wa kishikio) kwa wembe, futa kutu ndani ya bomba, chomeka, kaza boliti mpaka mpira wa kioo utanuke ndani ya bomba. Boliti ikizunguka bila kukaza, vuta kioo nje kidogo huku unakaza.

FunguoKumiTano: Mkuu Mnyororo, hiyo ya kuchomeka ni ya usukani ulionyooka. Phoenix vishikio vyake vinatazama nyuma, kwa hiyo kioo kitakaa karibu na paja, ukikata kona kinagonga goti, na mkono wako unaziba nusu ya picha. Abaki na klempu, mbele ya gripu, mkono mfupi uliosimama. Ahakikishe tu haigusi vyuma vya breki: bana breki mpaka mwisho kabla ya kukaza.

Kutega: kaa kama unavyoendesha, mtu ashike baiskeli. Ukingo wa ndani uonyeshe kipande chembamba cha kiwiko chako, barabara inakoishia ikae katikati ya kioo. Ukiona bega zima, kioo kimeingia ndani mno.

Kuhusu kona, hapana, usikitegemee peke yake. Vioo vingi hivi vimebinuka, gari linaonekana dogo na la mbali kuliko lilipo. Angalia linavyokua: likikua haraka, lipo karibu. Na bodaboda akishafika usawa wa bega lako, kioo hakimwoni kabisa. Kioo kwanza, kisha geuza shingo, ndipo utoe mkono.

Spoku28: Nimeelewa wakuu. Tyubu ya baiskeli inatosha au ya pikipiki?

Mnyororo: Ya baiskeli. Ya pikipiki ni nene, klempu haitafunga.