Tupeane uzoefu: kusoma sayansi na mipango ya jamii kwa pamoja

Mjomba wa Chumbageni

Habari za leo, ndugu zangu. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya CBG (kemia, biolojia na jiografia), naye amepata nafasi katika chuo kimoja cha Marekani kinachomruhusu mwanafunzi kusoma fani kuu mbili. Anataka sayansi ya mazingira pamoja na mipango ya jamii. Hamu hiyo aliipata hapahapa Tanga: hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, ilipotangazwa mwaka 2009, babu yake alikuwa akitega jarife, wavu wa samaki wakubwa, upande huohuo, na mtoto amekulia katika ubishi wa samaki alindwe vipi na mvuvi ale nini. Baba yake anamwambia kuwa mtaka yote hukosa yote. Naomba waliopita njia hiyo watueleze ilivyokuwa.

Aliyesoma Marekani, sasa yuko Pangani

Kaka, kwanza binti aelewe anachokichukua. Fani kuu mbili kwa kawaida huzaa shahada moja. Shahada mbili kamili ni jambo jingine na hudai krediti zaidi. Shahada ya kwanza kule huwa na krediti 120 hivi, na fani mbili zinaweza kuenea humo iwapo kozi kadhaa, kama vile takwimu na mifumo ya taarifa za kijiografia, zinahesabiwa pande zote mbili. Nilidhani mambo hayo yangejipanga yenyewe. Maabara ya kemia ilikuwa Jumanne alasiri, na studio ya mipango, ambamo mtu hukaa saa nne akichora na kukosolewa, ilikuwa Jumanne alasiri hiyohiyo. Kemia hiyo ilikuwa sharti la kozi nyingine mbili na ilifundishwa mara moja tu kwa mwaka. Nilikuwa na washauri wawili wa masomo, kila mmoja akiamini kuwa mwenzake ameshaitazama ratiba yangu, nikaishia kuongeza muhula mzima kwa ada ambayo mama aliipata kwa kuuza minazi yake. Mpwa wako aandike ratiba ya miaka yote minne kwenye karatasi moja, na washauri wote wawili waione akiwa bado mwaka wa kwanza.

Niliyeacha

Shikamoo mjomba. Mimi niliifanya mipango kuwa fani ndogo baada ya mwaka mmoja na nusu, kwa sababu ya fedha tu. Sijutii, ingawa ripoti zangu za maji mpaka leo huwa na jedwali zuri na mapendekezo ambayo hakuna mwenyekiti wa kijiji anayeweza kuyatekeleza.

Wa halmashauri, aliyesoma kimoja baada ya kingine

Mimi nilisoma hapa nchini, shahada ya sayansi kwanza, kisha uzamili wa mipango. Ni njia ndefu, lakini nitawasimulia siku moja tu.

Tulikuwa tukiandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kimoja cha pwani, kusini ya mji wa Tanga. Wanakijiji walichora ramani chini, kwa majivu na vijiti, kisha tukainakili kwenye karatasi ya manila. Nyuma ya mikoko palikuwa na uwanda mweupe, mkavu, mpana kama viwanja viwili vya mpira, na mwenzangu wa mipango alikwishauandikia “makazi”. Nilipoinama nikaona michu, aina ya mikoko, iliyodumaa, haifiki kiunoni, na udongo uliokuwa na ukoko wa chumvi. Mchu haudumai hivyo mahali pasipofikiwa na maji ya bahari. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja akachomoa kijiti chetu cha mpaka wa makazi akakipeleka hatua kama thelathini kuelekea kwenye minazi, akasema kwamba siku hiyo ni maji mafu, bahari haijai sana, turudi siku ya bamvua. Tukarudi. Kwetu bamvua hupandisha bahari zaidi ya mita tatu juu ya maji kupwa, na uwanda wote ulikuwa unang'aa maji. Sayansi ilinipa sababu ya kumwamini yule mzee, na mipango ikanipa namna ya kuliingiza neno lake kwenye karatasi yenye mhuri. Ningekuwa na kimoja tu, zile nyumba zingejengwa.

Msomaji wa matangazo ya ajira

Nyote mmesahau mkate. Matangazo ya kazi serikalini hutaja shahada kwa jina, na wataalamu wa mipangomiji husajiliwa na bodi yao kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007. Shahada ya nje nayo hupitishwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ili itambuliwe. Binti aulize mapema, kwa barua, kama fani ya mipango ya jamii ya chuo hicho itamwezesha kusajiliwa. Ikiwa haitamwezesha, ajue tangu sasa kwamba atakuja kutafuta kazi kwa sayansi yake.

Mjomba wa Chumbageni

Nawashukuru sana. Amesoma yote, na barua ya kwenda kwa bodi ameshaanza kuiandika. Baba yake ameguna tu. Ila binti amenituma nimuulize ndugu wa halmashauri: mzee yule angalipo, na je, atakubali kutembea naye bamvua lijalo kabla hajasafiri?