Mjini shule: tupeane uzoefu, wewe ulifunguliwa macho wapi?

Mtoto wa Gongolamboto: Leo napita mtaa wa Kongo pale Kariakoo namwona jamaa anauziwa simu, kaishika, kaiwasha, kajipiga na picha, muuzaji anamwambia lete nikuwekee kwenye boksi. Nikajua huyu nyumbani anaenda kufungua sabuni. Haya leteni na zenu.

Bi Shuka: Sabuni afadhali, atafulia 😂

Nyani Mzee: Umenikumbusha mama mdogo. Katoka Singida na hela ya alizeti, kashuka Ubungo enzi hizo stendi haijahamia Mbezi. Mtu mbele yake akadondosha bunda, kijana wa pembeni akaliokota, mama usipige kelele tugawane, wakaingia uchochoroni. Hata hawajafungua, mwenye bunda huyo analia, hela ya bosi wangu jamani naombeni niwasachi. Kijana akatoa waleti bila kubishana, na mama mdogo asionekane mwizi akatoa leso kifuani. Ikahesabiwa pale pale mbele ya macho yake akarudishiwa na fundo lake. Amekuja kufungua kwetu Manzese, noti moja juu, chini magazeti yamekatwa saizi ya noti. Aliomba maji akanywa, hakuongea mpaka usiku.

Kobe: Pole ila hiyo tamaa. Ukikataa mgao wanakupatia wapi?

Nyani Mzee: Chunga mdomo mkuu, huyo ni mama yangu.

Bi Shuka: Kobe si ndio wewe ulikuwa unatuhamasisha humu tufuge sungura tutajirike? Kaa kwa kutulia.

Kobe: Sungura ni biashara!!

Dada Mbagala: Hela ya safari iweke kwenye simu.

Mzaramo: Halafu uletewe "ile hela tuma kwenye namba hii".

Dada Mbagala: Hao nawajibu nishatuma angalia vizuri, wahangaike kidogo, kisha naripoti 15040. Na mpige *106# muone laini zilizosajiliwa kwa NIDA zenu, mie nilikuta ya mtu nisiyemjua kabisa.

Mtoto wa Gongolamboto: Ukipotea njia usiulize mpita njia, muulize mwenye duka, huyo hata kesho utamkuta.

Mzaramo: Mwenye duka alinielekeza vizuri tu, mpaka kwa shemeji yake anayeuza viwanja.

Kobe: Viwanja wapi hivyo? Njoo PM