Semina ya "sayansi ya uumbaji" hapa Mtwara: tumetoa elfu kumi kuja kupigwa changa la macho

Wakuu habari za saa hizi, naandika nikiwa bado nina hasira mnivumilie.

Wiki hii hapa mjini kulikuwa na semina, kiingilio elfu kumi, soda na cheti ndani yake, mtoa mada katokea Dar na projekta yake, tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa SAYANSI IMETHIBITISHA UHAI ULIBUNIWA. Mimi kazi yangu kusuka mota, za pampu, za mashine za kusaga, kwa hiyo niliposikia ataongelea mota iliyoko ndani ya bakteria nikafunga ofisi mapema nikawahi siti ya mbele.

Tusiwe waongo, picha zilikuwa kali. Ule mkia wa bakteria una rota (sehemu inayozunguka), una stata (sehemu iliyotulia), una shafti kabisa, unazunguka zaidi ya mara mia kwa sekunde na nguvu yake ni protoni zinazopenya kwenye utando wa seli. Hiyo ni kweli na hata maprofesa wa bailojia wanaielezea kwa lugha hiyohiyo ya kiinjinia. Balaa likaanza aliposema ukitoa kipande kimoja tu haifanyi kazi, eti kwa hiyo haikuweza kutokea kidogokidogo. Hiyo ni hoja ya Michael Behe, mwanabaiokemia wa Marekani, ya mwaka 1996, huyu mtoa mada anaileta kama imetoka jana. Mbona hakusema kwamba protini kadhaa za kwenye kitako cha ule mkia zinafanana na za ile sindano ambayo bakteria wa tauni anaitumia kupenyeza sumu kwenye seli zetu, sindano haizungushi mkia wowote na kazi inapiga? Mbona hakugusa kesi ya Dover kule Pennsylvania, Marekani, 2005, wazazi walipopinga hoja hii ya uhai kubuniwa kuingizwa kwenye masomo ya bailojia shuleni, Behe mwenyewe kapanda kizimbani kutoa ushahidi na bado jaji John Jones, ambaye aliteuliwa na Rais George W. Bush, akaamua hii sio sayansi? Sawa, jaji sio mwanasayansi, ila mtu kakulipa, mwambie basi.

Na hili la mota ndio limenichefua zaidi. Ukiniletea mota iliyoungua mimi najua imetengenezwa na watu sio kwa sababu ina vitu vingi ndani, najua kwa sababu ina kibati chenye volti na hosi pawa, waya wa shaba nanunua mwenyewe kwa kilo, vanishi naijua harufu yake. Na sijawahi kufungua ofisi asubuhi nikakuta mota mbili zimezaa ya tatu. Bakteria anazaa, watoto wanatofautiana kidogo, anayefaa anabaki, sasa hapo unafananishaje?

Kwenye chanzo cha uhai ndio akachemka kabisa. Kaweka picha ya jaribio la Stanley Miller, Chicago, 1953, maji, methani, amonia, haidrojeni na cheche za umeme, halafu anacheka eti walishindwa kutengeneza hata mdudu. Nani alimwambia Miller alikuwa anatafuta mdudu? Alipata amino asidi, yaani matofali ya kujengea protini, basi. Na kile kimondo kilichoanguka Murchison, Australia 1969 nacho kilikutwa na amino asidi, hilo kalipita kama hajaliona. Seli ya kwanza ilipatikanaje bado haijajulikana na wanasayansi wanakiri hadharani, ila "bado hatujajua" haigeuki kuwa "tumethibitisha" hata ukiiwekea projekta.

Nikanyoosha mkono nikauliza kistaarabu tu, mkuu kama ni injinia, ile neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye zoloto (kisanduku cha sauti kooni) mbona upande wa kushoto inashuka hadi kifuani inazunguka mshipa mkubwa wa moyo halafu inapanda tena shingoni? Kwa twiga inakula mita kadhaa kufika sehemu iliyo karibu na ilikoanzia. Unajua alinijibu nini? "Kijana, wewe unasali wapi?" Ukumbi mzima kicheko. Mzee mimi nasali swala tano, Mungu wangu hahitaji kutetewa kwa slaidi za uongo, nimeuliza neva.

Waandaaji najua mpo humu, nataka hela yangu, na cheti jina mmelikosea.

Nasikia wanakwenda Lindi. Mlioko huko muulizeni hiyohiyo neva kwa yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria mwenye shingo ndefu aliyechukuliwa na Wajerumani, pale Berlin kasimama kama mita 13, mwambieni achore mwenyewe waya ulipita wapi.