Kadi ya grafiki kwa kabati la gemu la nyumbani: GT 1030, Radeon ya zamani au nibaki na ya ndani?

Kijana_wa_Chogo:
Wakuu habari za leo. Nina kabati la gemu la zamani, lile la kusimama la kutumbukiza sarafu, limetoka kwenye banda la gemu lililofungwa. Bodi yake ilishakufa ila kioo cha chogo bado kizima kabisa. Nimeweka Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, i5, nataka kuchezea MAME, ile programu inayoendesha gemu za makabati ya zamani kwenye kompyuta. Nikanunua GT 1030, imeingia freshi, feni inazunguka, kwenye monita ya kawaida picha safi tu. Shida ni kioo cha kabati. Kadi haina VGA (ile soketi ya kizamani ya picha ya analogi) kwa hiyo nimetumia kile kiadapta cha HDMI kwenda VGA nikaunga waya, sasa zinatoka picha mbili zimebanana zinakimbia hazitulii na kioo kinapiga mluzi. Muuzaji anasema niongeze hela nichukue GTX 1650. Nimeona pia watu wanasifia Radeon za zamani, na mwingine kaniambia nichomoe kadi nitumie VGA ya ndani ya Intel. Mnashauri ipi?

fundi_flaibeki:
Zima hicho kioo kwanza, ushauri baadaye!! Vioo vya makabati mengi ya zamani ni vya 15 kHz, yaani vinachora mistari kama 15,700 kwa sekunde, na kompyuta inapeleka 31 kHz ambayo ni mara mbili yake, ndo maana unaona picha mbili. Kuna kioo kitavumilia, kuna kingine transista ya mlalo inaungua na flaibeki (transfoma inayozalisha volti kubwa za chogo) inafuata, na flaibeki ya kioo cha namna hiyo utaitafuta mpaka uzeeke. GTX 1650 itakupa picha mbili zilezile ila za bei kubwa.

Halafu usiguse nyuma ya chogo hata kama umechomoa umeme, pale kwenye kikombe cha mpira inakaa chaji ya maelfu ya volti. Na angalia kama kabati bado lina transfoma ya kutenganisha umeme wa kioo, kuna mafundi wanaing'oa wakidhani haina kazi. Vioo vingi vya zamani chasisi yake haijatengwa na umeme wa ukutani, bila hiyo transfoma ukiunga kompyuta unaweza kuua vyote viwili na wewe mwenyewe wa tatu.

Mama_Pixel:
Fundi kasema. Mimi niongeze kwenye suala la nguvu ya kadi maana hapo ndo watu wanapigwa hela. MAME tangu ilipotoka 1997 kazi yake kubwa inafanywa na prosesa, kadi inapokea tu picha iliyoshaiva, sasa hata ukiweka kadi ya mamilioni Street Fighter II haiongezi kitu. Kadi nzito ina maana ukitaka sheda (vijiprogramu vya kubadilisha mwonekano wa picha) za kuigiza mistari ya chogo kwenye kioo bapa, au emuleta (programu za kuigiza mashine nyingine) za gemu za 3D kama Flycast kwa gemu za mashine ya Sega Naomi. Wewe chogo halisi unacho, mistari unayo bure 😂 Kwa hiyo usiulize ipi ina nguvu, uliza ipi inaweza kushuka mpaka 15 kHz.

msee_wa_luthuli:
Maze hapo Mama amemaliza. Tafuta Radeon HD 5450, hizo ziko kwa mafundi wa mitumba, watu wanazitupa juu haziwezi gemu za siku hizi. Inakula wati 19 tu, haitaki waya wa powa, na ziko fupi zenye zinaingia hiyo Dell yako. Unaweka draiva inaitwa CRT Emudriver na GroovyMAME, yaani MAME ya watu wa chogo, kila gemu inafunguka na rezolusheni na rifreshi (idadi ya picha kwa sekunde) yake yenyewe. Lakini ucheki soketi ya DVI kabla ulipe. Ile iko na pini nne zimezunguka kile kipande bapa ni DVI-I, hiyo inatoa analogi na adapta ya kawaida ya kwenda VGA inatosha. Kama hizo nne haziko ni DVI-D, wacha. GT 1030 yako ni dijito tupu.

Kijana_wa_Chogo:
Nimezima. Transfoma ipo, nzito kama jiwe la kusagia. Na ile VGA ya ndani ya Intel je? Si ni analogi tayari?

Mama_Pixel:
Analogi ndiyo ila kwenye Windows haitakushukia mpaka 15 kHz, utarudi kwenye picha mbili. Ya ndani ni ya mtu wa kioo bapa.

baba_lcd:
Na mtu wa kioo bapa ndiye mimi, naona nimesahaulika. Kijana hebu fikiria, chogo lina kilo ngapi, linakula umeme, na siku likifa umebaki na kabati tupu. Tafuta monita ya mraba ya inchi 19 au 20, chomoa hiyo 1030 uiuze, tumia ya ndani, jioni hiyohiyo mnacheza. Watoto wa nyumbani wanataka gemu hawataki darasa la masafa.

mbongo_uk:
Baba uko sahihi kwa urahisi, ila Mortal Kombat inakwenda 54.7 Hz, yaani picha 54.7 kwa sekunde, na R-Type 55 Hz. Monita ya 60 Hz ama mwendo unakwamakwama ama gemu inakimbia kuliko ilivyotakiwa. Dawa kwa bapa ni monita ya FreeSync, inayofuata rifreshi ya gemu, na nyingi ni pana, hiyo haiingii vizuri kwenye kabati la chogo.

Huku watu wengi tunatumia TV za chogo zenye soketi ya SCART, inapokea RGB (nyekundu, kijani na bluu kila moja na waya wake) moja kwa moja. Chaguo jingine ni ArcadeVGA ya Ultimarc, hiyo inatoa 15 kHz tangu unapowasha, ila mpaka ikufikie huko gharama si ya kitoto. Ukitaka kadi ya AMD yenye nguvu na analogi bado ipo mwisho ni R9 380X, na hiyo haiingii kwenye Dell nyembamba hata kwa maombi. Kwako ningechukua 5450 pamoja na J-PAC, hiyo ni bodi inayochomeka kwenye konekta ile ya JAMMA ya pini 56 (konekta ya kawaida ya nyaya za kabati), vitufe na joistiki vinapita USB na picha ya VGA inapita kwenye J-PAC hiyohiyo.

msee_wa_luthuli:
J-PAC ni lazima kwa maoni yangu. VGA inatoa volti 0.7 na kioo cha kabati kinataka zaidi, bila kikuza ishara ya picha (nimekosa jina lingine 😅) utaona giza. Pia inazuia 31 kHz isifike kwa kioo.

Kijana_wa_Chogo:
Wakuu nimerudi. 5450 imepatikana, DVI-I, J-PAC pia imefika. Nimeweka kila kitu na kioo ni cheusi tii. Kompyuta nasikia inawaka.

fundi_flaibeki:
Lazima kiwe cheusi. BIOS na Windows kabla ya draiva zinatoa 31 kHz na J-PAC inazizuia, ndo kazi yake hiyo. Chomeka monita ya kawaida kwenye kadi umalize kila kitu huko, kabati baadaye. Draiva ya Nvidia (ya ile GT 1030) itoe yote kwa Display Driver Uninstaller ukiwa Safe Mode. Ingia BIOS uzime Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na sahihi wakati wa kuwasha), maana CRT Emudriver inataka Windows iwe kwenye hali ya majaribio na Secure Boot inakataa. Ukishaiweka tengeneza modi za 15 kHz, ndo uhamishe waya. Kama hata kwenye monita ya kawaida hakuna kitu, chomoa kadi, safisha meno yake kwa ufutio wa penseli, rudisha mpaka lachi iite, na hakikisha breketi ni ile fupi, breketi ndefu inainua kadi upande mmoja.

Kijana_wa_Chogo:
Monita ya kawaida iliwaka, ilikuwa Secure Boot. Sasa hivi Street Fighter II ipo kwenye chogo na rangi zake hizo hata sina la kusema. Ila picha imesogea kushoto kidogo.

mbongo_uk:
Ipo Arcade OSD, programu ya kurekebisha picha inayotumika na hiyo draiva, isogeze humo modi kwa modi. Vile vitufe vya kwenye chasisi gusa mwisho kabisa. Na zuia Windows isijisasishie draiva, la sivyo siku moja utawasha ukute giza tena.

baba_lcd:
Hiyo GT 1030 unaiuza bei gani?